Jinsi ya Kununua Miwani kwa Kadi Ambayo Duka Haliipokei

Mwongozo huu ni wa mtumishi wa Mbeya au Iringa ambaye amekatwa bima kila mwezi tangu aajiriwe, macho yamemgomea, na sasa ameamua kununua miwani kwenye duka la mtu binafsi mjini badala ya kwenda kukaa kwenye benchi la hospitali. Kazi yenyewe si ngumu. Unahitaji kadi, subira, na fedha taslimu za kutosha kana kwamba kadi huna.

Anza kwa kuchelewa. Mtu akishavuka miaka 40, lenzi iliyo ndani ya jicho hukakamaa na maandishi ya karibu huanza kumkimbia. Si uchawi: jirani hahusiki, wala shamba la urithi. Watafiti waliopima watu wa umri huo vijijini Kongwa, mkoani Dodoma, walichapisha mwaka 2006 kwamba zaidi ya 60% yao walikuwa na tatizo hilo, kwa hiyo uko na wenzako wengi na haraka ya nini? Laumu balbu kwanza. Balbu ikibadilishwa, walaumu TANESCO na umeme wao, na baada yao wachapaji wa magazeti, ambao siku hizi wanabana herufi makusudi. Kwenye simu, kuza maandishi mpaka neno moja lijaze kioo kizima na abiria wote wa daladala ya Uyole wausome ujumbe wa deni lako. Kama ni mwalimu, sahihisha madaftari ukiwa umenyoosha mkono, na mkono ukifika mwisho mwite mwanafunzi wa dawati la mbele akushikie. Kama ni fundi cherehani pale Mwanjelwa, Mbeya, muajiri mtoto wa jirani kwa kazi ya kutunga uzi.

Siku utakaposaini udhamini wa mkopo wa mtu ukidhani ni karatasi ya mahudhurio ya kikao, umeiva. Toa kadi.

Iangalie vizuri, kwa mbali. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001, ukianza na watumishi wa umma. Wewe unakatwa 3% ya mshahara na mwajiri anaongeza 3%. Kwenye orodha ya mafao kuna matibabu ya macho, na kuna miwani ya kusomea. Wengi wakifika mstari huo hufunga orodha kwa furaha na kupanda gari kwenda mjini. Wanachoacha kusoma ni kwamba kadi hailipi duka. Kinacholipa ni mkataba kati ya Mfuko na mwenye duka, na pasipo na mkataba, kadi yako ni picha yako ndogo iliyochapwa vizuri.

Mkataba wenyewe nao una siku zake. Tarehe 1 Machi 2024, kitita kipya cha mafao kilipoanza kutumika, baadhi ya hospitali binafsi kubwa ziliacha kuwahudumia wenye kadi ya NHIF kwa sababu ya mvutano wa bei. Kama hospitali yenye lifti na jenereta ilifika hapo, usimshangae dada mwenye chumba kimoja, kabati la vioo na kiti cha kuzunguka.

Wenye bima za kampuni binafsi wasicheke. Wao wamepewa kitabu cha watoa huduma ambamo Dar es Salaam imechukua kurasa na Iringa imechukua mistari.

Sasa nenda dukani, na tafadhali usipige simu kuuliza kwanza. Simu ya dakika mbili itakunyima safari nzima. Toka Tukuyu au Kilolo alfajiri, na baridi yake, ufike mjini saa tatu. Chagua duka lenye bango la jicho kubwa lenye kope, lililoandikwa "Vipimo bure" na chini yake "Bima zote zinapokelewa". Ingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Bima mnapokea?"

"Tunapokea mama, karibu ukae. Ni bima gani?"

Mpe kadi. Ataigeuza nyuma, ataigeuza mbele, kisha atamtazama mwenzake aliye kwenye kaunta.

"Hii kwa leo mfumo haufunguki, mama."

"Na kesho je?"

"Kesho hatujajua. Ila ukilipa keshi tutakupunguzia."

Mfumo usiofunguka ni ustaarabu wa biashara. Inawezekana mtandao umekatika kweli. Inawezekana pia mkataba ulikwisha, au ombi la usajili halijajibiwa, au madai ya miezi iliyopita hayajalipwa na mwenye duka amesema basi. Dada hawezi kukueleza yote hayo mbele ya wateja wengine, kwa hiyo mfumo unabeba lawama. Na hata pale unapofunguka, kuna kifaa cha alama za vidole kinachotaka kukuhakiki. Kama vidole vyako vimeshika jembe au saruji kwa miaka 20, alama zimeshalika, na utakaa pale ukifuta kidole kwenye kitenge na kukibonyeza tena huku mashine ikisisitiza kwamba wewe si wewe.

Usiondoke. Umeshafika, kiti ni kizuri, na vipimo ni bure.

Kwenye kipimo kuna jambo la kuzingatia kwa dhati, hata katika mwongozo wa namna hii. Utaonyeshwa chati ya herufi zinazopungua ukubwa kwenda chini, mtindo aliouanzisha daktari Mholanzi Herman Snellen mwaka 1862. Halafu utawekewa lenzi moja baada ya nyingine na kuulizwa, "Bora hivi, au hivi?" Mtu aliyelelewa vizuri huku kwetu hapendi kumvunja moyo kijana aliyejituma, kwa hiyo anajibu, "Zote nzuri tu, mwanangu." Akiulizwa tena anasema, "Hata hiyo ya kwanza haikuwa mbaya." Ndivyo watu wanavyotoka na miwani inayoonyesha ngazi mbili mahali penye ngazi moja. Adabu iache kwenye salamu. Kitini sema wazi kwamba hii ina ukungu, rudisha ile.

Tazama pia ukutani. Tanzania ina Sheria ya Optometria ya mwaka 2007 na Baraza la Optometria linalosajili wataalamu wa kazi hii. Cheti kiko pale au hakipo. Koti jeupe si cheti. Hata wauza nyama wanalo.

Kipimo kikiisha, omba karatasi yako, na hapo utagundua maana halisi ya bure. Ni bure kwa mtu anayenunua fremu humohumo. Ukionyesha dalili ya kutaka kuondoka na karatasi, kipimo kinapata bei papo hapo. Si dhambi, maana yule kijana amesomea na muda wake ni mali. Dhambi ni bango. Lipa hiyo ada bila kinyongo, kisha isome karatasi kabla ya kuikunja. Kila jicho lina mstari wake. SPH ni nguvu ya lenzi, alama ya kutoa kwa asiyeona mbali, ya kujumlisha kwa asiyeona karibu. CYL na AXIS ni za jicho ambalo uso wake haukuviringana sawasawa. ADD ni nyongeza ya kusomea, ndiyo hiyo ya watu wa makamo. Mwisho kabisa kuna kisanduku kimeandikwa PD, na ndani yake hamna kitu.

PD ni umbali kutoka mboni moja hadi nyingine kwa milimita. Kwa watu wazima wengi hucheza kati ya 54 na 74. Bila namba hiyo hakuna duka jingine linaloweza kukukatia lenzi ikakaa katikati ya jicho, na kuipima ni kazi ya rula na nusu dakika. Kwa nini basi kisanduku ni kitupu? Kwa sababu karatasi iliyokamilika ina miguu. Inaweza kutoka Miyomboni, Iringa, ikaenda duka la pili lenye mkataba na bima yako, au ikapigwa picha na kutumwa kwa shemeji yako Dar es Salaam. Karatasi isiyo na PD hurudi nyumbani kama ng'ombe jioni. Kwa hiyo sema kwa upole, "Naomba uniandikie na PD, kaka," kisha nyamaza, mtazame, na usisogee kitini mpaka aandike. Ukimya wa mteja aliyekalia kiti pekee cha vipimo huzaa matunda upesi.

Tuseme hukufuata ushauri huo, au duka limekubali bima yako ghafla. Sasa unachagua fremu. Kabati la kioo lenye taa ni la keshi. Ukisema "bima", dada atainama na kuvuta droo ya chini kabisa, na humo mna fremu za bima: kahawia, nene, zilizopangwa kwenye boksi la viatu, kila moja ikiwa na stika ya bei isiyolingana na sura yake. Vaa, jitazame kwenye kioo. Unafanana na picha ya babu mwaka wa Azimio la Arusha. Dada atasubiri sekunde chache kwa heshima, halafu atasema neno alilokuwa nalo tangu mwanzo: "Au unaweza kuongezea." Kuongezea ni pale bima inapolipa kiwango chake na wewe unafidia ili upande kwenye kabati lenye taa. Mipango mingine inaruhusu, mingine hairuhusu. Kabla ya kukubali, uliza bima inalipa shilingi ngapi na fremu ya droo ingeuzwa shilingi ngapi kwa keshi. Ukikuta stika ya bima ni kubwa kuliko bei ya keshi ya fremu ileile, usipige kelele. Andika tu namba zote mbili kwenye daftari lako, taratibu, dada akiwa anaona.

Kwenye lenzi utauziwa "blue cut", ya kukinga mwanga wa simu na kompyuta. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2023, yaliyokusanya majaribio 17, hayakuona kwamba lenzi hizo zinapunguza uchovu wa macho kuliko za kawaida, angalau kwa muda mfupi. Ukizipenda kwa rangi yake, nunua. Halafu kuna "photo", zile zinazotiwa giza na jua. Hizo zinafanya kazi kweli, na kwa jua la nyanda za juu zina faida yake, ila muuzaji hatakwambia kwamba zinaipenda baridi: kadiri hewa inavyopoa ndivyo zinavyozidi kuwa nyeusi na kuchelewa kurudi. Mwezi wa saba pale Mafinga au Uyole utaingia ofisini kutoka nje, saa mbili asubuhi, na kwa dakika kadhaa utamsalimia mkuu wako ukiwa na miwani myeusi ya mlinzi wa mwanasiasa. Panga kufika mapema.

Tumefika kwenye sanaa yenyewe, ya wale ambao bima yao inaruhusu kulipa kwanza na kudai baadaye. Soma mkataba uone kama unaruhusu, kama unataka idhini ya awali, na kama una ukomo wa siku za kudai. Idhini ya awali maana yake ni kuomba ruhusa kabla ya kutumia. Ukiomba baada ya kununua inaitwa pole.

Risiti ndiyo roho ya dai. Iwe ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, na iwe na jina lako. Omba kipimo, lenzi na fremu viandikwe kila kimoja kwa bei yake. Risiti inayosema "bidhaa" na jumla moja itarudishwa, kwa sababu bima ina kiwango cha lenzi na kiwango cha fremu, haina kiwango cha bidhaa. Muuzaji atakwambia mashine ina shida leo, na kwamba risiti ya mkono ina muhuri mzuri zaidi. Muhuri ni mzuri kweli, zambarau, tena una picha ya jicho. Wahasibu wa bima hawauonei huruma. Ukishaipata ya EFD, ipige picha siku hiyohiyo na kuitoa nakala, kwa kuwa karatasi ile inaandikwa kwa joto na maandishi yake hufifia. Ukiiweka kwenye pochi karibu na mwili na kukumbuka kudai baada ya miezi, utakuwa na kipande cheupe cha karatasi nzuri.

Ambatanisha karatasi ya vipimo yenye jina na saini ya aliyepima, fomu ya madai, nakala ya kadi na ya kitambulisho. Tuma makao makuu. Bahasha itashuka mteremko wa Kitonga, itafika Dar es Salaam, na utaanza kupiga simu. Jibu la kwanza litakuwa "linashughulikiwa". La pili litakuwa kwamba kuna kiambatanisho kimepungua, na hawatasema ni kipi mpaka uulize kwa jina. Weka nakala ya kila ulichotuma na tarehe uliyotuma, na barua pepe ni bora kuliko simu kwa sababu barua pepe haisahau. Wakikukatalia, omba sababu kwa maandishi. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ina ofisi ya kanda Mbeya, na yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima kwa mivutano ya wateja na kampuni. Wengi huishia njiani kwa kuona aibu ya kugombania fedha ya miwani. Aibu hiyo imeziokolea kampuni fedha nyingi.

Mwenye duka naye asikilizwe kidogo, maana kumcheka peke yake si haki. Akijisajili na bima anauza kwa bei iliyopangwa na mwingine, anajaza fomu, na anasubiri malipo huku pango la duka likidaiwa kila mwezi. Saini moja ikisahaulika, dai linakatwa. Lenzi za jicho la kawaida anazo kwenye boksi, lakini zenye CYL kubwa au za kuona mbali na karibu pamoja huenda akaziagiza Dar es Salaam kwa fedha yake. Ndiyo maana keshi inamfanya atabasamu. Kosa lake ni moja tu, kutosema hayo mlangoni.

Sasa njia ya wasio na moyo wa michezo hii. Kipimo kifanyie pale kadi inapopokelewa, Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa, ambako pia wataangalia presha ya macho, mtoto wa jicho na madhara ya kisukari, mambo ambayo fremu nzuri haiyatibu. Uliza hapohapo kama miwani ya kusomea inatolewa kwa kadi. Kama haitolewi, chukua karatasi yenye PD ukanunue popote kwa keshi, ukijua unacholipia. Na kama daktari amesema macho yote mawili yanalingana na tatizo ni la kusomea tu, muulize kama miwani ya machinga, ile yenye stika ya +1.50 au +2.00, itakufaa. Kwa wengi inafaa, ingawa maduka hayapendi kusikia.

Miwani ya aina hiyo si ya kudharauliwa. Wachuma chai wa Assam, India, wenye miaka 40 na kuendelea walipopewa miwani ya karibu, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha uzalishaji wao ukiwazidi wenzao kwa karibu 22%. Bangladesh, mwaka 2024, utafiti mwingine ulikuta kipato cha waliopewa miwani ya kusomea kikipanda kwa 33.4%. Chai tunayo Rungwe na Mufindi, na miaka 40 tunayo.

Basi, wenye maduka ya miwani wa Mbeya na Iringa, shusheni bango la "bima zote" na mbandike mlangoni karatasi mbili: ya kwanza bima mnazopokea wiki hii, ya pili bei ya kipimo, ya lenzi na ya fremu, kila moja peke yake. Na mziandike kwa herufi kubwa sana, maana wanaokuja kuzisoma bado hawana miwani.